Kuchagua Nchi ya Mbali kwa Likizo ya Familia Yenye Watoto Wadogo

Familia nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala huanza kuchagua nchi ya likizo kwa kutazama picha: mnara wa Dubai, kasri la Disney, ufukwe wa Thailand wenye majabali. Picha hizo hupigwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto wa miaka 3 akisimamishwa chini ya Burj Khalifa, jengo lenye urefu wa mita 828, hutazama juu mara moja kisha huendelea kumfukuza njiwa. Furaha yake imo katika mambo machache yasiyotegemea umaarufu wa mahali: maji ya kuchezea, wanyama, chakula anachokitambua, na mzazi asiyechoka. Kwa hiyo nchi huchaguliwa kwa kumtazama mtoto kwanza, kisha safari ya ndege, tofauti ya saa, majira ya mvua na joto, na makaratasi. Uzuri wa mahali huja mwisho, kwa sababu nchi nzuri ziko nyingi.

Umri wa mtoto

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni msafiri mwepesi kuliko anavyodhaniwa. Anayenyonya hubeba chakula chake pamoja naye, hulala popote, wala hana haja ya kuonyeshwa kitu. Kazi inaanza anapojua kutembea. Kati ya mwaka 1 na miaka 3 mtoto hataki kukaa, hawezi kuelezwa kwa nini afunge mkanda, na bado anahitaji usingizi wa mchana. Huu ndio umri mgumu kuliko wote ndani ya ndege. Familia isiyo na sababu ya lazima ya kwenda mbali katika kipindi hiki haikosi kitu ikingoja, na inayokwenda itafute mahali pa kufikia kwa ndege moja.

Kuanzia miaka 4 mambo hulegea. Mtoto hufuata hadithi, hutazama katuni, huomba kwenda chooni kwa wakati. Watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya miaka 3 hivi, na hilo nalo lina uzito wake pale wazazi wanapotaka kutumia akiba ya miaka kadhaa ili “mtoto aone”. Safari ya gharama kubwa yenye mambo ya kukumbukwa humfaa zaidi mtoto wa miaka 6 na kuendelea. Ya kabla ya hapo ni likizo ya wazazi wanaofuatana na mtoto. Si vibaya, ilimradi wazazi wenyewe wanalifahamu hilo na wanachagua mahali patakapowapumzisha na wao.

Muda wa ndege na tiketi

Safari huhesabiwa kuwa ndefu inapozidi muda wa saa 6 hivi angani. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni saa 5 na nusu, kwa hiyo Dubai iko mpakani. Kutoka Nairobi hadi Bangkok ni karibu saa 9 kwa ndege ya moja kwa moja, na hadi London au Paris ni kati ya saa 8 na 9. Nairobi hadi New York, njia iliyofunguliwa Oktoba 2018, ni karibu saa 15 bila kushuka. Kutoka Dar es Salaam hadi Kuala Lumpur kupitia nchi za Ghuba hutumika saa 12 hadi 13 angani, mbali na muda wa kusubiri. Orlando, ilipo bustani kubwa ya Disney, haina ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki, na safari nzima haipungui saa 20.

Wazazi hupenda kuhesabu saa za angani na kusahau za uwanjani. Kusubiri muda wa saa 2 huwa hatari ndege ya kwanza ikichelewa, na kusubiri saa 7 usiku wa manane ni adhabu. Kipimo kinachofaa kwa watoto ni saa 3 hadi 4, muda unaotosha kubadilisha nepi, kula, kukimbia kidogo na kufika mlangoni bila kuburutana. Ndege inayoondoka usiku ni bora kwa safari ya zaidi ya saa 7, maana mtoto atalala sehemu kubwa ya njia. Kwa safari fupi, ya mchana ni afadhali: kumwamsha mtoto saa 9 usiku ili apite ukaguzi wa pasipoti hakumpendezi yeye wala wanaopanga foleni pamoja naye.

Nauli ya mtoto ina mtego mmoja. Asiyetimiza miaka 2 husafiri mapajani mwa mzazi, na katika safari za kimataifa mashirika mengi hutoza takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2 anahitaji kiti chake, na kiti hicho hulipiwa karibu sawa na cha mtu mzima, au kwa punguzo la robo hivi. Umri unaotazamwa ni wa siku ya kila safari, si wa siku ya kununua tiketi. Mtoto atakayetimiza miaka 2 familia ikiwa bado ugenini atarudi kwa kiti cha kulipiwa, na ni heri jambo hilo lijulikane mapema kuliko kujulikana kaunta. Kuna pia vitanda vidogo vya vichanga vinavyofungwa kwenye ukuta wa mbele wa baadhi ya safu. Ni vichache, huombwa mapema, na mara nyingi havimpokei mtoto anayezidi kilo 10 au 11. Mtoto mnene wa miezi 9 huenda asikubaliwe.

Ndege inaposhuka, masikio ya watoto huuma kwa sababu ya shinikizo la hewa. Kumeza ndiko kunakozibua, hivyo kichanga hunyonyeshwa au hupewa chupa wakati huo, na mkubwa hupewa kitu cha kumung’unya. Sheria ya kutobeba kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hulegezwa kwa maziwa na chakula cha mtoto, lakini vitolewe mkobani na kuonyeshwa kwenye ukaguzi.

Saa za mwili

Jambo hili halipewi uzito unaolistahili, ilhali ndilo linaloamua kama siku nne za kwanza zitakuwa likizo au kesha. Mwili huzoea saa za ugenini kwa kasi ya takriban saa moja kwa siku. Watu wazima huelezwa kwamba kwenda magharibi ni rahisi kuliko kwenda mashariki. Kwa mwenye watoto hesabu si hiyo, maana mtoto hulala na kuamka kwa saa za nyumbani hata kama pazia limefungwa.

Chukua mtoto wa Dar es Salaam anayelala saa 2 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. London iko nyuma kwa saa 2 wakati wa kiangazi na saa 3 wakati wa baridi, hivyo mtoto huyo ataamka saa 10 alfajiri, au saa 9 usiku ikiwa ni Desemba, na atadai uji. Orlando iko nyuma kwa saa 7 au 8. Huko atasinzia mchana, saa 6 au saa 7, kisha ataamka na nguvu zote saa 4 au saa 5 usiku, wazazi ndio kwanza wanajinyoosha. Kuala Lumpur na Singapore ziko mbele kwa saa 5: mtoto atalala saa 7 usiku na kuamka saa 5 asubuhi. Wenyeji watashangaa kumwona macho usiku ule, lakini familia iliyo likizo haina kazi ya kuwahi asubuhi. Bangkok iko mbele kwa saa 4, na Dubai na Mauritius kwa saa 1 tu. Istanbul na Doha zina saa zile zile za Nairobi, mwaka mzima.

Ndiyo maana likizo ya wiki moja haifai kupelekwa Marekani na watoto wadogo. Itakwisha miili yao ikiwa ndiyo kwanza inazoea, kisha hesabu ianze upya nyumbani. Kwa tofauti ya saa 7, siku 14 ni kiwango cha chini kinachokubalika.

Mwanga pia huvuruga. Mtoto wa pwani amezoea jua linalozama saa 12 na dakika zake, na kwake giza ndilo ishara ya kulala. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Hakuna maneno yatakayomshawishi mtoto wa miaka 4 kwamba usiku umeingia wakati anaona wenzake wanacheza mpira nje. Chumba chenye mapazia mazito katika msimu huo kina thamani kuliko chumba chenye mandhari.

Majira na likizo za shule

Familia yenye mtoto wa shule haichagui mwezi. Shule za Tanzania hufunga Juni na Desemba, za Kenya Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kazi iliyobaki ni kulinganisha miezi hiyo na hali ya hewa ya huko kuendako. Hapo ndipo orodha ndefu hupungua yenyewe.

Dubai mwezi Juni hadi Septemba hupita nyuzi 40 kwa urahisi, na maji ya ufukweni huwa kama ya kuogea ndani. Bei za hoteli hushuka wakati huo kwa sababu hiyo hiyo. Familia inayovutiwa na punguzo itambue kuwa itaishi ndani ya maduka makubwa. Desemba mambo ni tofauti kabisa: joto la mchana ni kama nyuzi 25, watoto hucheza nje toka asubuhi hadi jioni.

Mauritius iko kusini mwa ikweta, hivyo Juni hadi Septemba ni majira yake ya baridi. Baridi hiyo ni ya kiasi, lakini maji ya bahari hushuka hadi nyuzi 22 au 23, na mtoto aliyezoea kuogelea Zanzibar hutoka akitetemeka. Pwani ya mashariki hupigwa na upepo miezi hiyo. Pwani za kaskazini na magharibi, kama Trou aux Biches na Flic en Flac, zimekingika. Msimu wa vimbunga huanza Novemba na kuisha katikati ya Mei, ingawa vimbunga vyenyewe huja zaidi Januari hadi Machi.

Thailand ina bahari mbili zenye tabia tofauti. Phuket na Krabi, upande wa magharibi, hupata mvua kuanzia Mei hadi Oktoba na mawimbi ya hatari kwa waogeleaji, ilhali kisiwa cha Ko Samui upande wa mashariki huwa na hali nzuri Juni na Agosti na kupata mvua zake Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo familia ya Juni iende Samui, na ya Desemba iende Phuket. Aprili ni mwezi wa joto kali Bangkok, ambapo sherehe za Songkran, tarehe 13 hadi 15, hufanyika kwa kumwagiana maji barabarani. Mtoto wa miaka 7 atasimulia hilo maisha yake yote. Wa miaka 2 ataogopa.

Singapore na Kuala Lumpur hazina msimu wa kuogopwa. Joto ni lile lile, kati ya nyuzi 31 na 33 mchana, na mvua hunyesha mwaka mzima, kwa Singapore nyingi zaidi Novemba hadi Januari wakati pepo za kaskazini mashariki zinapovuma. Mtoto wa Dar es Salaam au Mombasa ataliona joto hilo kuwa la kawaida. Wa Nairobi, aliyekulia zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, atahitaji siku mbili tatu na kofia.

Nchi zenyewe

Baada ya vichujio hivyo, nchi zinazobaki hutofautiana kwa namna zinavyomrahisishia mzazi siku.

Kwa watoto wa miaka 4 hadi 10 hakuna jozi inayoshinda Singapore na Malaysia. Sababu ya kwanza ni tumbo. Mtoto wa Kiswahili atapewa nasi lemak, ambayo ni wali wa nazi. Roti canai, ambayo ni binamu wa chapati. Na satay, mishkaki midogo ya kuku au ng’ombe yenye mchuzi wa karanga. Pilipili huwekwa pembeni na huweza kukataliwa, ila ni lazima kuuliza kabla, kwani wenyeji huzihesabu kama kiungo cha kawaida. Familia za Kiislamu hazina shida ya kupata chakula halali Malaysia, na Singapore vibanda vyenye cheti cha halali vipo katika masoko ya chakula karibu yote. Maji ya bomba ya Singapore hunywewa bila kuchemshwa.

Sababu ya pili ni umbali. Singapore nzima ina kama kilomita 50 kutoka mashariki hadi magharibi, na treni zake zina lifti zinazopokea kigari cha mtoto. Mzazi ajue tu kwamba ndani ya treni hizo hairuhusiwi kula wala kunywa, hata biskuti ya mtoto, na faini inaweza kufika dola 500 za huko. Bustani ya wanyama ya Mandai imefungua milango tangu 1973, na jirani yake ipo Night Safari ya 1994, bustani ya kwanza duniani iliyojengwa kutembelewa usiku. Hapo tofauti ya saa hugeuka kuwa neema: saa 1 usiku Singapore ni saa 8 mchana kwa mwili wa mtoto aliyetoka Dar es Salaam, na atakuwa macho kuliko wenyeji. Mtoto wa Arusha aliyewaona tembo Tarangire hatashtushwa na tembo wa Mandai, na hapana ubaya kuwapita haraka ili kufika kwa orangutangu, ambao hawapo Afrika.

Bustani za Gardens by the Bay, zilizofunguliwa 2012, zina sehemu ya nje isiyolipiwa na eneo la watoto lenye maji ya kuchezea. Singapore ni ghali kwa malazi, na hapo Malaysia huingia. Siku 3 au 4 Singapore, kisha siku 6 au 7 Kuala Lumpur na kisiwa cha Langkawi, hugharimu kidogo kuliko siku 10 za Singapore pekee. Treni ya uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur huingia mjini kwa dakika 28. Chini ya minara ya Petronas, yenye mita 452, kuna bustani ya wazi yenye uwanja wa michezo, ambayo watoto huipenda kuliko minara. Langkawi ni mwendo wa saa 1 kwa ndege.

Mauritius ndiyo inayowafaa wenye vichanga na watoto wa miaka 1 hadi 3. Nairobi hadi huko ni karibu saa 4, kwa hiyo kwa kipimo cha hapo juu si safari ndefu, lakini mtoto wa umri huo hajui umbali. Miamba ya matumbawe imekizunguka kisiwa kwa sehemu kubwa na kuacha maji matulivu ya kina kifupi, mfano wa bwawa. Vyakula vya mitaani kama dholl puri, chapati laini ya dengu, hulika na mtoto yeyote. Bustani ya Pamplemousses ina mayungiyungi yenye majani mapana kama sinia. Baada ya hapo, ukweli usemwe, hakuna mengi ya kumshughulisha mtoto wa miaka 9 isipokuwa bahari.

Dubai ya Desemba ni rahisi kwa kila jambo isipokuwa bei, na huwafaa wanaotaka kuvunja safari kwa siku mbili njiani kuelekea Asia. Thailand ni nafuu, na wenyeji huwapenda watoto wadogo waziwazi, hata wahudumu wa hoteli humbeba mtoto mzazi amalize kula. Kasoro yake ni barabara: pikipiki ni nyingi na njia za miguu za Bangkok hazikufikiria vigari vya watoto. Huko mtoto abebwe mgongoni kwa kanga, na wanaojua kubeba hivyo wana bahati.

London hudhaniwa kuwa ghali, na kwa malazi ni kweli. Lakini makumbusho makubwa, yakiwemo ya Historia ya Asili yenye mifupa ya dinosaria na ya Sayansi, hayana kiingilio, na watoto wa chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima. Familia yenye ndugu wa kufikia huko huwa imekwisha kupunguza nusu ya gharama. Paris ina Disneyland yake tangu Aprili 1992, inayofikika kwa treni kutoka katikati ya mji, na kwa familia ya Afrika Mashariki ni njia fupi ya kumwona Mickey kuliko kuvuka Atlantiki.

Orlando ingoje. Si ubaya wa mahali, ni kimo cha mtoto. Michezo mingi mikubwa humtaka mtoto awe na sentimita 102, mingine 112, na yule asiyefika kipimo hurudishwa baada ya foleni ndefu. Wa chini ya miaka 3 huingia bila tiketi, lakini pia hapati mengi. Juni hadi Agosti kuna joto, radi za alasiri, na msimu wa tufani unaoanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba. Familia yenye watoto wa miaka 8 na 11, wiki mbili na viza mkononi, itafurahi huko.

Makaratasi

Kila mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, nayo iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya siku ya kurudi. Cheti cha kuzaliwa kibebwe hata pale ambapo hakijaombwa, kwa sababu ya majina. Afrika Mashariki mtoto hubeba jina la baba na la babu, mama hubaki na ya kwao, na afisa wa uhamiaji wa nchi ya mbali huona mwanamke na mtoto wasio na jina hata moja la pamoja. Mzazi anayesafiri peke yake, au bibi aliyekabidhiwa wajukuu, abebe barua ya idhini ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mzazi huyo.

Watanzania na Wakenya wamekuwa wakiingia Mauritius, Singapore na Malaysia kwa ziara fupi bila viza, jambo linalopunguza gharama na mashaka. Singapore na Malaysia humtaka kila mgeni, hata kichanga, kujaza fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Viza ya Thailand huombwa mtandaoni. Viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Paris, tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa wa chini ya miaka 6. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni lazima, na ombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Viza za Uingereza na Marekani huchukua muda, na masharti hubadilika. Tovuti ya ubalozi husika itazamwe kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa.

Afya

Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa. Nchi nyingi za Asia hukidai kwa wanaotoka maeneo yenye ugonjwa huo, na India huweza kumtenga kwa siku 6 asiyekuwa nacho. Familia yenye kichanga cha miezi 7 iulize ubalozi kwanza.

Homa ya dengue ipo Thailand, Malaysia, Singapore na Mauritius, kama ilivyo Dar es Salaam. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Dawa ya kupaka na nguo ndefu nyepesi ndizo kinga. Hatari isiyofikiriwa ni malaria ya kutoka nyumbani. Vimelea hukaa mwilini siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla ya homa kuanza. Mtoto aliyeumwa na mbu Morogoro anaweza kuugulia London katika wiki ya pili ya likizo, mbele ya daktari ambaye hajaona malaria kwa miaka. Mzazi atamke mwenyewe, bila kusubiri kuulizwa, kwamba wametoka nchi yenye malaria na mtoto apimwe damu. Familia za Waswahili wa London au Toronto zinazowaleta watoto Tanga au Lamu zikae zikijua kinyume chake: watoto hao hawana kinga yoyote ya malaria, na dawa za kuzuia huanzwa kabla ya kupanda ndege.

Dawa ya maji ya kushusha homa, pakiti za ORS na kipimajoto viwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye nchi za Ghuba, dawa zenye kodeini na nyingine za aina hiyo huhitaji kibali, hivyo kila dawa ibaki kwenye boksi lake na cheti cha daktari.

Malazi na mwendo

Chumba chenye jiko na friji ni bora kuliko chumba cha hoteli ya nyota nyingi. Mtoto akiamka saa 9 usiku na njaa, sufuria ya uji ni huduma kubwa kuliko mhudumu anayekuja kwa dakika 40. Mahali pawe karibu na bustani, duka la vyakula na kituo cha treni, hata kama kivutio kikuu kiko mbali. Anayekodi gari aombe kiti cha mtoto kwa maandishi: Uingereza na Singapore hukidai kwa mtoto aliye chini ya sentimita 135, na Falme za Kiarabu kwa wa chini ya miaka 4.

Jambo moja kwa siku linatosha, asubuhi, kisha mchana ni wa kulala na kuogelea. Kubadilisha malazi zaidi ya mara mbili katika siku 12 huwachosha wote, maana kila uhamisho hula siku nzima. Siku mbili za mwisho za likizo ya shule zibaki nyumbani, mtoto arudishe usingizi wake kabla ya kengele. Kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, isitupwe baada ya safari: tangu Julai 2016 haina mwisho wa matumizi, na chanjo ile ile itamvusha mtoto mipaka hadi uzeeni.